Nyuzi za Mama kwenye Pikipiki ya Baba

Sebule yetu pale Ruhuwiko, Songea, ilinuka petroli na mpira uliokauka wiki nzima, na mtu wa kulaumiwa ni baba. Aliisimamisha pikipiki katikati ya chumba, mahali pa meza, kwa kuwa nje mvua za mwezi wa nne zilikuwa bado hazijachoka. Harufu ya mpira ilitoka kwenye nyaya za zamani, zilizokauka hadi zikawa zinakatika kama tambi kabla ya kupikwa. Pikipiki yenyewe baba aliipata kwa bruda mmoja wa monasteri ya Hanga ambaye magoti yalimkatalia kuendesha. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa ya wazazi wangu, jambo ambalo mama alipenda kulikumbusha kila alipoizunguka na sufuria ya ugali mkononi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sikuona ubaya wowote. Nilikuwa mtoto wa ndani. Wenzangu wakicheza rede barabarani, mimi nilikuwa kwenye kochi nafuma vitambaa, na sasa hata barabara ilikuwa imeletwa sebuleni.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya mjini yalianza kujaa bidhaa, na ofisi zikaanza kupungua watu. Baba, aliyekuwa karani wa ghala, alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Kwa miezi kadhaa aliamka alfajiri, akanyoa ndevu, akavaa shati la kazini, kisha akaenda kukaa barazani. Ndipo akatokea Bwana Seif, mfanyabiashara wa Tunduru, aliyetaka mtu wa kumzungukia Maposeni na vijiji vya jirani msimu wa kununua mahindi ukianza. Sharti lilikuwa moja: mtu huyo awe na chombo chake, chenye taa na honi zinazofanya kazi. Angepita nyumbani Jumapili alasiri akione. Kama hakiwaki, alikuwa na mtu mwingine Peramiho anayemsubiri. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, lakini wote tulijua kuwa kazi ikikosekana, kilichobaki ni baraza.

Baba hakuwa fundi. Alichokuwa nacho ni ukarani. Soko huria lilikuwa limefika Songea, ila lilikuja na waya wa rangi moja, nyeusi, kwa hiyo nyaya mpya zilifanana kama watoto wa shule mstarini. Baba akafanya alichozoea kufanya kwenye magunia: akaweka alama. Alichota nyuzi kwenye kapu la mama la kufumia, akafunga kila waya kwenye ncha zake mbili kwa rangi moja: nyekundu waya wa betri, kijani wa honi, njano wa taa, nyeupe ule wa kufungwa kwenye bodi, chuma chenyewe cha pikipiki. Kisha akazikusanya, akazivingirishia utepe wa mpira wa baiskeli, zikawa kama nyoka mweusi mwenye ndevu za rangi pande zote mbili.

“Hapo hata kipofu hakosei,” alimwambia mama.

“Kipofu labda,” mama akajibu. “Wewe sijui. Na nyuzi zangu zirudi kapuni, Baba Skola.”

Sasa niseme dhambi yangu. Kwetu mgeni wa maana hakukalishwa kwenye kochi tupu, na mimi nilikuwa nafuma kitambaa chenye ua jekundu na majani ya kijani ili Bwana Seif akiegemee. Jumamosi mchana nyuzi zikaisha zimebaki petali mbili na jani. Baba alikuwa ametoka kwenda kuulizia betri ilikochajishwa. Nilimtazama yule nyoka sakafuni, nikafungua uzi mwekundu na wa kijani upande mmoja, nipime tu kama zinatosha. Hazikutosha hata nusu ya petali. Mara nikasikia baba akikohoa uani. Nikazirudisha haraka, na nilipomaliza ndipo nikajiuliza: mwekundu ulikuwa kwenye waya huu au ule? Sikujua. Na sikusema, hata jioni baba alipompitisha nyoka yule chini ya tangi na kuunga rangi kwa rangi.

Misa ya kesho yake ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusali. Padri alipotualika kujuta makosa yetu, nilijipiga kifua kwa nguvu hadi mama akageuka kunitazama.

Saa nane baba alirudi na betri. Fyuzi ilikuwa imeungua tangu enzi za bruda, na mahali pake baba alikuwa ameviringisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Nilikuwa nimemsikia akimweleza mama kwamba fyuzi hufa yenyewe ikaokoa nyaya, lakini karatasi ile haifi upesi. Waya ukikosewa, zinaungua zote. Na petroli iko pale juu. Akapiga magoti. Akafunga upande mmoja wa betri, akashika waya wa pili.

“Baba, usifunge.”

Mkono ukabaki hewani. “Kuna nini?”

“Nilifungua nyuzi. Nyekundu na kijani. Nilirudisha, ila sijui kama nilirudisha penyewe.”

“Ulifungua za nini?”

“Za ua.”

Alilitazama ua, akaitazama saa ukutani. Nilisubiri kofi, na nadhani naye alikuwa analifikiria. Mama akasema kutoka mlangoni, “Mtoto amesema, Baba Skola. Pima.”

“Nipime saa hizi, mgeni yuko njiani?”

“Mgeni atasubiri na chai. Nyumba ikiungua atasubiri wapi?”

Baba akafungua tena ncha zote. Akatoa betri za redio na balbu ya tochi: umeme uingizwe upande huu, na kama waya ni ule ule, balbu iwake upande wa pili. Nyekundu kwa nyekundu, ikawaka. Kijani kwa kijani, ikawaka. Nilikuwa nimerudisha penyewe.

“Umetuchelewesha bure,” baba akasema, akaanza kukusanya vitu vyake.

“Malizia,” mama akasema.

Njano kwa njano. Giza. Akarudia. Giza. Akagusa nyeupe, balbu ikawaka. Zile mbili ambazo sikuzigusa kabisa ndizo zilizopishana. Uzi mmoja mweupe ulikuwa umekunywa grisi ya vidole vya baba, ukageuka njano. Bwana Seif angesema washa taa, umeme wote ungekimbilia kwenye bodi, nyaya zikaungua chini ya tangi la petroli. Baba akafungua, akafunga upya.

“Huu uzi ulikuwa mchafu,” akasema hatimaye.

“Kapuni ulikuwa safi,” mama akajibu, akaenda kuinjika chai.

Bwana Seif alifika, nikampa shikamoo, akaegemea ua lenye upungufu wa petali mbili. Taa iliwaka. Honi ililia, kuku wetu akaingia uvunguni mwa kochi. “Alhamdulillahi,” akasema. “Jumanne tuanze na Maposeni.” Baba akajibu “sawa” kama mtu aliyeombwa chumvi, lakini mikono aliificha mgongoni, na mimi nilikuwa nyuma yake. Vidoleni alikuwa anausokota ule uzi mchafu.

Siku hizi bodaboda zimejaa kila kona ya Songea, na waya unauzwa rangi zote. Baba amezeeka, anakaa barazani kwa hiari yake, na kila mgeni humsimulia alivyobadilisha nyaya za pikipiki peke yake, na jinsi binti yake alivyotaka kuunguza nyumba kwa ajili ya ua. Wageni hucheka, nami hucheka. Niliungama kosa ambalo sikulitenda, na la uzi mweupe sijawahi kumtajia mtu. Bado ni mtu wa ndani. Kitambaa kile kiko kwenye kochi langu, na petali zake bado hazijatimia. Juzi baba alikuja kunitembelea siku ambayo fundi alikuwa amemaliza kunibadilishia swichi ya jikoni. Nilinyoosha mkono niwashe. Baba hakuinua kichwa kutoka kwenye ua lile.

“Skola,” akasema taratibu, “usiwashe kwanza. Umepima?”