Fungu la Baridi

Mafuta ya mawese yakianza kupata moto sufuriani, kabla hayajatoa moshi, hutoa harufu tamu inayonirudisha jikoni kwa mama yangu, Butembo. Leo asubuhi imenikamata tena. Nimeacha vitunguu nusu na kukaa chini, kwa hiyo acheni niwasimulie.

Butembo iko juu milimani, na asubuhi zake ni za kutetemesha meno. Shangazi yangu Masika, dada ya baba, aliishi chini Mangina, kwenye joto na michikichi. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa alitutumia bidoni, yaani dumu, la mafuta aliyoyakamua mwenyewe, na mama alimrudishia maharage na viazi. Hawakuuziana. Ndivyo walivyosalimiana, mtu na wifi yake waliopendana kuliko ndugu wa tumbo moja.

Mwaka mmoja bidoni lilifika na mwanya wa vidole vinne chini ya shingo. Mama alipima kwa vidole, akalifunga. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Safari hiyo alishuku kuwa yametiwa na maji pia, na kwa kuwa maji hukaa chini ya mafuta, alichota ya chini kabisa akayabandika motoni asikilize kama yatatatarika. Hayakutatarika. Kwa hasira aliyasahau pale mpaka wekundu wote ukaisha. Niliilinda ile sufuria hadi kesho yake, nikitumaini wekundu utarudi. Mafuta yaliganda, lakini yakabaki meupe.

"Masika anatuchezea," mama alisema. "Anatuma bidon nusu, anazani hatuna macho? Ni mwizi tu!"

Maharage hayakuteremka Mangina mwaka ule, ila neno lile liliteremka, kwa mdomo wa dereva aliyetuletea bidoni. Niliumia sana. Shangazi ndiye pekee aliyenisuka bila kunitoa machozi, na sikuijua Noeli isiyo na yeye. Nilijiuliza kama ugomvi wao ulikuwa wa kuganda au wa kuungua.

Noeli ilipofika shangazi alikuja, bila kuitwa. Bidoni lilikuwa katikati ya miguu yake toka Mangina, nailoni chini ya kifuniko, kamba juu yake, na hakumruhusu mtu hata kulisogeza. Alilala nalo kando ya kitanda. Asubuhi akamwita mama alifungue mbele ya macho yake.

Vidole vinne.

Shangazi aliketi sakafuni. "Mulamu wangu, wifi yangu, nilijaza mpaka mu shingo, ingali moto! Nani amekunywa? Nililala nayo!" Akalia kama mtoto.

Mama aliitazama ile kamba, kisha akaweka kiganja ubavuni mwa bidoni. Lilikuwa la baridi, na mafuta ndani yameshikana kama sabuni.

"Ulijaza ikiwa moto?"

"Moto sana. Siku hizi siye tunajaza vile, inaingia mbio."

Mama alinyanyuka. Alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akalisimamisha bidoni humo. Tulikaa watatu tukitazama. Mafuta yalilainika, yakayeyuka, mekundu vilevile, yakapanda taratibu mpaka karibu na shingo.

"Baridi," mama alisema. "Kumbe baridi ndiyo ilikuwa inatuiba." Akaficha uso kwenye kitenge.

Shangazi alimvuta karibu. "Hapana kulia, mama. Lete maharage, njaa inaniuma." Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Miaka kadhaa baadaye mwalimu alitueleza darasani kwamba kitu kikipoa hujibana: nafasi inapungua, uzito haupungui. Tungelipima bidoni lile kwenye mizani, lingekuwa zima siku zote. Nilitamani kupiga makofi.

Lakini tangu Noeli ile, kila bidoni liliandamana na chupa ndogo ya mafuta. "Hii ni fungu ya baridi," shangazi aliagiza. Nilimwona mshamba kidogo. Baridi haili kitu, kwa nini igawiwe?

Sasa nina mawifi zangu, na ninaelewa. Chupa ile ilikuwa ya mama yangu, ili asipime tena kwa vidole na kulikumbuka neno alilosema. Na mama alijua. Sisi hakutupikia hata tone lake. Aliifunika kitambaa juu ya kabati, ikangoja hapo mpaka shangazi aje, ndipo aliposhusha chupa na kumpikia yeye.