Alama ya Korosho Shavuni mwa Maria

Sisi watoto wa Gede korosho tulikuwa tukizichoma wenyewe, juu ya bati lililotobolewa misumari. Ganda likishika moto hutoa mafuta, na mafuta yale huruka. Yakikupata hayana msamaha: ngozi hubabuka, kisha pakabaki weusi. Mimi yalinipata mkononi. Mamangu akanipaka majivu akanambia, "Haya, umeshapigwa muhuri, hupotei tena." Naye alikuwa mtu wa maneno mamangu, lakini hayo si ya leo.

Nayataja kwa sababu mke niliyekuja kumuoa alikuwa na alama kama yangu, chini ya jicho la kushoto, ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Tulipokwenda kuposa wazee wake walicheka, wakasema hawa wamechomewa bati moja.

Miaka ile ya themanini Wataliano walikuwa wakijenga huko Shella, ufuoni karibu na kwetu, kama mchwa. Nikapata kazi kwa mmoja wao, mchoraji wa picha za dini. Alichora kwa kichuma chenye ncha juu ya bamba la shaba, akalipaka wino, akakandamiza karatasi kwa mashine ya gurudumu. Zikitoka zote ni sawa, mistari myeusi mitupu. Kisha hukaa akazipaka rangi moja moja kwa mkono, kwa hivyo mwisho hakuna mbili zilizofanana. Kazi yangu ilikuwa kulowesha karatasi na kuzianika kwa vibanio vya nguo.

Mke wangu alikuwa akiniletea chakula cha mchana. Siku moja yule bwana akamkalisha, leso kichwani, mtoto wa jirani mapajani, akamfanya Bikira Maria. Na ile alama akaichora. Mke wangu alipoiona picha akasema, "Maria gani huyu, kachomwa na korosho!"

Mvua za mwaka uliofuata alishikwa na homa, akafa. Picha yake sikuwa nayo, hata ya kitambulisho. Zile karatasi zilikuwa zimeshakwenda kwao Ulaya zote. Sura yake ilibaki kwenye bamba tu. Nikamwomba yule bwana anitolee moja.

"Ndiyo, rafiki," akanishika bega. "Mimi nafanya wewe moja mzuri sana."

Nikamweleza shemeji yangu, dada wa marehemu. Yeye ni mtu wa kanisa, lakini ya kwetu hakuyaacha. Kwetu Ugiriama aliyekufa husimikiwa mti wa kuchongwa akatulia hapo. Uso wake hautundikwi ukutani ukakutazama ukila.

"Shemeji, watu watasema unafuga koma ndani," akanambia. "Mzimu wa mtu haufugwi."

"Ni Maria yule."

"Basi na awe Maria."

Nikadhani yamekwisha.

Siku ya kunikabidhi, yule bwana akaifunua mezani, anacheka. Maria mweupe, mashavu mekundu, macho ya samawati, na leso imekuwa shela yenye nyota za dhahabu. Nikapitisha kidole chini ya jicho. Palikuwa laini.

"Dada alikuja," akasema. "Anasema wewe nataka kama ya kanisa. Ile chafu kidogo mimi nafunika."

"Toa nyingine. Usiipake rangi."

"Nyingine hapana. Bamba mimi nasugua jana. Sasa nafanya Yosefu."

Nikalitazama lile bamba. Lilikuwa safi, linang'aa. Niliona taa ya darini ndani yake. Sikuhisi kitu. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nikamwambia asante, maana nyumbani tulifunzwa ukipewa ushukuru.

Wingu lilikuwa limefunga upande wa bahari. Nikamuuliza kama karatasi za uani niziingize. Akasema ziingize. Nikaziingiza zote, nikavitia vibanio kwenye kikapu chake, nikanawa mikono. Picha niliiacha pale mezani. Nikavaa ndara zangu, nikafungua lango, nikalirudisha polepole lisigonge, nikashika njia. Sikurudi tena.