Mguu Uliodhaniwa Mimba

Kwenye benchi la nje ya chumba cha picha za ultrasound, katika kliniki moja pale Emali, kila mwanamke alikuwa na mimba isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa na paja. Siku mbili kabla ya hapo, nikiwa winga wa timu ya wasichana ya mji wetu, niliufukuza mpira mazoezini nikasikia kitu kikikatika nyuma ya paja la kushoto, nikaanguka kifudifudi kwenye vumbi. Kocha wetu, ambaye riziki yake ni kutengeneza pikipiki, alitaka kuukanda mguu kwa maji moto hapo hapo. Golikipa wetu anasomea uuguzi, na ndiye aliyemzuia. Kama ndani kuna damu, alisema, kukanda kutaizidisha; kwanza upigwe picha.

Mechi ya mwisho ya ligi ilikuwa imebakisha kama miezi miwili. Tungecheza na wasichana wa Kitui, huko huko kwao, nao walikuwa wametufunga mwaka uliotangulia wakatuimbia hadi tulipopanda gari. Niliitaka mechi hiyo kuliko nilivyotaka chakula. Ndiyo maana nilikaa kwenye benchi lile kwa adabu, na dada wa mapokezi alipopita na jagi akisema, "Kunyweni maji mingi, na mtu asiende choo mpaka aitwe," sikuuliza maswali. Nilikunywa kikombe juu ya kikombe.

Nilikuwa na kikombe mdomoni wakati kiongozi wa kwaya ya akina mama wa kanisa letu alipoingia, amemshika mkono mke wa mwanawe. Aliniangalia mimi, akaangalia kikombe, kisha akaangalia tumbo langu, ambalo kwa maji yale yote lilikuwa limeanza kujitokeza.

"Bwana asifiwe," akasema kwa sauti ya matangani.

"Asifiwe milele. Mimi nimekuja na shida ya mguu tu, mama."

"Eeh, mguu," akasema, akitikisa kichwa. "Hata yangu ya kwanza ilianzia miguu."

Chumbani, mpiga picha alicheka hadi akavua miwani. Paja halina kibofu, aliniambia. Maji ni ya wenye mimba. Nililala kifudifudi juu ya kibofu kilichokaribia kupasuka huku yeye akinipaka ute baridi na kupitisha kile kifaa chake polepole nyuma ya paja. Kwenye kioo nyuzi za msuli zililala sambamba, zimebanana kama nyuzi za kiondo, kisha pakatokea mahali zilipokatika na kuacha doa jeusi.

"Hii nyeusi ni damu," alisema. "Msuli haijakatika yote. Ingekatika yote, tungekuwa tunaongea mambo ya Nairobi na upasuaji. Hii itajishona yenyewe, lakini usiiharakishe."

"Nitacheza baada ya miezi miwili?"

"Hiyo inategemea wewe na hasira yako."

Sijui alizijuaje habari za hasira yangu. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimeigombeza mashine yake. Nilichukua picha yangu, nikamshukuru, nikachechemea kwenda chooni kwa mwendo ambao hakuna daktari angeuruhusu.

Kufikia Jumapili nilikuwa nimeshapata mimba. Sokoni, ambako mama yangu huuza ndengu, mteja mmoja alimletea shali ya mtoto, ya rangi ya maziwa, ameifunga vizuri kwenye karatasi. Mama alicheka, kisha akakasirika, kisha akaikubali kwa kuwa ilikuwa shali nzuri. Kocha alinipigia simu kuniambia ameniondoa kikosini mpaka nijifungue. Nilienda gereji kwake nimewaka moto, nikamsukumia ile picha mkononi. Aliipindua juu chini.

"Kichwa ni hii?"

"Hiyo ni damu!"

"Damu ya nani?"

Ilibidi golikipa aitwe kumfafanulia, na hata baada ya kuelewa aliendelea kunizuia nisibebe vitu vizito.

Lakini aliyeninyima usingizi ni baba. Baba ni mwashi na ni shemasi, na wiki ile nzima hakuniuliza lolote. Alikula, akaosha mikono, akaenda kulala. Nilivumilia hadi nikashindwa, nikaweka picha mezani mbele ya sahani yake.

"Baba, ni msuli. Kama una swali, niulize mimi."

Aliitazama. "Hao watu niliwaambia wafunge mdomo tangu Jumapili," alisema. "Mimi nimekuwa nikifikiria tu kama huu mguu utapona. Sasa unataka nikusaidie na nini?"

Nililia pale mezani, na sikuona aibu. Na kwa kweli msaada niliuhitaji. Mtaalamu wa viungo wa hospitali ya kaunti alinianzisha kwa kutembea, halafu kuinua kiuno nikiwa nimelala chali, halafu baiskeli. Mwishoni akanipa zoezi ambalo bado naliogopa: unapiga magoti, mtu anakushika vifundo vya miguu asikuachie, nawe unajiachilia kwenda mbele polepole, mwili umenyooka, ukizuia anguko kwa misuli ya nyuma ya paja peke yake. Wa kunishika alikuwa baba, kwa mikono yake iliyozoea kubeba mawe. Kila asubuhi tulitandika gunia nje ya nyumba, nikapiga magoti, yeye akanishika.

Sasa mfikirie mpita njia: msichana anayesemwa ana mimba amepiga magoti uani, analia kwa uchungu, anaanguka kifudifudi, na baba yake shemasi amemshikilia miguu. Kiongozi wa kwaya hakuweza kupita tu. Alifungua lango, akanyoosha mkono juu yangu, na kila nilipoanguka akapaza sauti, "Ashindwe!" Nilicheka nikapoteza nguvu, nikala vumbi.

"Ni mazoezi ya msuli, mama," baba alimwambia bila kuniachia. "Lakini hata maombi hatukatai. Wewe, rudia."

Basi nilirudia. Yule mama alibaki hadi tulipomaliza, na tangu siku hiyo alikuwa akipita kuuliza ninaangukia wapi siku hizi. Wiki ziliposonga nilianza kulizuia anguko hadi karibu na ardhi. Niliporudi kupigwa picha, doa jeusi lilikuwa limekwenda, nyuzi zimeungana, pamebaki kovu jembamba. Mpiga picha akasema naweza kucheza.

Mguu uliruhusiwa, mimi sikujiruhusu. Mazoezini nilikimbia kwa kujibania, kila mara nikisikiliza nyuma ya paja. Nilienda Kitui hivyo hivyo, mzima kwenye picha na mwoga moyoni.

Kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao, nami sikufanya lolote la maana. Karibu na mwisho wa mechi, bado hatujafungana, beki wao alirudisha pasi hafifu katikati ya uwanja. Niliinasa. Mbele yangu palikuwa na nyasi kavu, kipa, na beki mmoja mwenye mbio akinijia kwa pembeni, na nilijua kwa mwendo wangu wa kujibania angenifikia. Nikasema basi, na ukatike. Nikafungua mwendo wote.

Haukukatika. Paja lilivuta, likavuta tena, nikamsikia beki akipumua nyuma yangu kisha nisimsikie tena. Kipa alitoka, nikaupitisha mpira chini ya mkono wake, ukaingia.

Wenzangu walinikimbilia nikawapita. Nilipita goli, nikapita kibendera cha kona, nikapita mbuzi waliokuwa wakila nje ya mstari, nikauzunguka uwanja kwa kasi yote niliyokuwa nayo, kocha akipiga kelele nisimame, niutunze mguu, mechi haijaisha. Sikuwa na cha kutunza. Niliporudi katikati, refa alikuwa ameshika mpira ananisubiri, akanionyesha kadi ya njano kwa kuchelewesha mchezo. Nilimshukuru kwa mikono miwili.