Mwaka Nilioigiza Mkoko

Enzi zetu, mtoto asiyejua kuimba wala kukariri alifanywa mti. Mimi, ambaye leo nina digrii mbili na huitwa makongamanoni kuzungumzia sanaa na mazingira, nimepanda jukwaani mara moja tu maishani, katika shule ya msingi karibu na Ngomeni, nikiwa mkoko.

Wa rika langu watakumbuka miaka ile ya themanini: maziwa ya Nyayo ya pakiti za pembetatu tuliyogawiwa shuleni, kaptura zenye viraka viwili nyuma kama miwani, na viazi vya karai vilivyotuunguza ndimi wakati wa mapumziko. Nyuma ya shule palikuwa na mikoko, na ndani ya mikoko kilikuwamo kitoweo chetu. Maji yakipwa, mama zetu waliingia matopeni wakarudi na kaa na kamba. Kilichobaki kiliuzwa Malindi, nasi tukapata madaftari na sare.

Mwaka ule Mzee Kazungu, mwenyekiti wa kijiji, alikubaliana na mwenye tanuu la chokaa kwamba mikoko ile ikatwe iwe kuni. Wanawake walikwenda kumsihi. Akawajibu, "Miti ni miti. Itaota mingine." Wakarudi makwao, maana enzi zetu mwenyekiti hakubishiwa.

Mwalimu Sidi, aliyetufunza Kiswahili, naye hakubishana. Alitunga mchezo wa siku ya wazazi. Mtu mwenye kofia nyekundu anakuja na panga, mikoko inaanguka, kaa wanalia wakitafuta pa kulala. Basi. Tulijipaka tope la kweli, tukafungiwa matawi ya kweli, na wale chungu wekundu tuwaitao majimoto, waliokuwamo matawini, nao walikuwa wa kweli.

"Mti haujikuni," Mwalimu alinionya.

Siku ilipofika, Mzee Kazungu alikaa mbele pamoja na mwenye tanuu. Alicheka sana, mpaka alipoitazama vizuri ile kofia.

"Mwalimu, kofia hiyo mmeitoa wapi?"

Mkewe akamjibu kutoka kwenye mkeka wa wanawake, "Ni yako, baba Karisa. Nimewaazima mimi. Panga ndilo walilolionea haya kuliomba."

Panga la kadibodi likainuliwa juu yangu. Nilikuwa tayari kuanguka kwa moyo wote, kwa sababu ya majimoto. Lakini Hawe, yaani bibi yangu mzaa baba, alinyanyuka, akapita katikati ya watu, akanishika kiunoni.

"Huu haukatwi," alisema. "Nimeulisha mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Kisha mama mwingine akainuka akaushika mkoko wake, halafu mwingine, na mwingine, hata kicheko kikafa chenyewe. Yule mwenye kofia, mvulana wa darasa la saba, alibaki na panga lake hajui alitie wapi. Mchezo haukumalizika.

Mzee Kazungu akamgeukia mwenye tanuu. "Katafute kuni kwingine, bwana. Nitakataje, na kila mti una mama yake?"

Siku hizi vijana wetu huyatetea mazingira kwa kidole gumba: picha ya mti, moyo mwekundu, kazi imekwisha, chipsi ziletwe. Siwacheki sana. Mimi mwenyewe huyatetea hotelini, mbele ya safu ya chupa za plastiki, na sijawahi kumwona mtu akinyanyuka kitini kwa neno langu. Mwalimu Sidi alikuwa na tope, kofia ya kuazima na watoto wasiojua kuimba, akakiinua kijiji kizima.

Mwaka jana nilirudi. Mikoko ingalipo, na kina mama wengine huingia matopeni maji yakipwa. Hawe hayupo tena. Nilisimama kati ya miti, nikanyoosha mikono kama matawi. Majimoto wakanipanda. Sikujikuna, ila hakuna aliyekuja kunishika kiunoni.