Kimea Kwenye Gauni la Mama Mkwe

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu Neema ameshaanza kuisambaza, na akiisimulia yeye naonekana mjinga kuliko nilivyokuwa (nilikuwa mjinga, sikatai, lakini kwa kiasi).

Mama yake Neema, mchumba wangu, alikuwa anakuja kutoka mji wa Katy hadi kwangu Arlington kuniangalia kama nafaa kumwoa binti yake, nami kwa kiherehere changu nikaahidi togwa, tena ya kimea changu mwenyewe. Wimbi nikaliloweka, likachipua vizuri, likabaki kukauka tu, na mvua nayo ikashika siku tatu mfululizo, jua hakuna. Sasa kazini nina rafiki Mswidi anayejipikia bia nyumbani, akaniambia kwao kukausha kimea kwa hewa ya moto kwenye tanuri kuna neno lake kabisa, kölna. Neno zima! Nikajiona mtaalamu. Tanuri sina, lakini hewa ya moto ninayo: mashine ya kukaushia nguo. Nikamimina wimbi kwenye foronya, nikapiga fundo, nikawasha, nikaenda dukani kununua sukari.

Huku nyuma wageni wakafika mapema, mama kalowa chapachapa, na Neema (ana ufunguo wangu) akampa kanga ajifunge, akalitupa gauni lake ndani ya mashine ileile bila kuangalia, akawasha tena.

Narudi, nasikia mashine inanguruma kama inasaga kokoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nguo yangu inalia hivyo?"

Kufungua tu, fundo limeachia, wimbi linamwagika sakafuni, gauni limejaa vimizizi toka kola mpaka pindo. Nikaeleza yote, mpaka Mswidi wa watu nikamtaja, Neema anacheka hadi kakaa chini, nami moyoni nasema basi tena, mke nimeshamkosa.

Mama akabandua punje moja kwenye mkono wa gauni, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu, ananitazama.

"Na kimeungua," akasema.

Mahari imepokelewa, msiwe na wasiwasi. Ila mbele ya wazee alitoa sharti moja: togwa ya harusi atapika yeye, na mimi nisionekane karibu na sufuria. Nimekubali bila kubisha, tena nimeapa: mgeni wa heshima akija kwangu tena, atakunywa soda, na aniseme tu.