Chupa za kuvalishwa kitenge

Jumatano nilikuwa kwa fundi wangu wa Nyamirambo, nasubiri anipunguzie suruali kiuno, akaingia mama mmoja na kikapu cha chupa tupu.

"Fundi, uko na vipande vya vitenge? Nataka kuvalisha hizi chupa, nitie maua, nipange mezani. Jumamosi tunatimiza miaka makumi mbili ya ndoa, na mzee amekataa kabisa: mwaka huu hakuna kununua kitu."

"Iko mingi, mama. Chagua tu."

Akapiga magoti kwenye gunia la vipande, akachomoa cha bluu chenye ndege wa njano.

"Hii ni nzuri! Ya nani?"

"Nimeikata jana. Iko mzee mmoja anataka kushangaza bibi yake. Vipimo, ameniletea gauni yake ya zamani. Ile pale."

Mama akageuka. Gauni la kijani lilikuwa linaning'inia kwenye msumari. Akaweka mkono mdomoni.

"Wiki nzima ninaitafuta," akasema polepole. "Na wifi yangu nimemnunia bure!"

Fundi akaacha kukanyaga cherehani. Mama akarudisha vipande vya ndege guniani, kimoja kimoja, akachukua vingine.

"Fundi, leo hujaniona. Ninapita kwa wifi."

Lakini kabla ya kutoka alisimama mbele ya kioo, akaachama, akashika kifua. Hakuridhika. Akarudia.

Mnaouliza siri ya ndoa kudumu, mngekuwepo. Mara ya tatu, hata mimi nilimwamini.