Tetemeko la Siku ya Posa

Juzi nilitoka nje mbio, khanga moja kifuani, sufuria la maharage ya moto nimelikumbatia kama mtoto mchanga, huku napiga kelele, "Tokeni! Tokeni nje!" Jirani mmoja akatoka kweli, povu la dawa ya meno bado liko mdomoni. Kumbe tulikuwa tunaukimbia mtambo wa kushindilia barabara. Ulikuwa unapita polepole mbele ya nyumba, na kijana aliyekuwa juu yake akanivulia kofia.

Cheka tu, nimezoea. Mimi ni mtu wa nyumbani, safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo nikiaibika naaibikia hapa hapa Bagara nilipozaliwa. Lakini wazimu sina. Vilivyonidanganya ni vikombe. Viligongana ndani ya kabati, tiki-tiki-tiki, kama meno ya mtu mwenye homa, na mlio ule miguu yangu inaujua kuliko kichwa.

Iliujua nikiwa darasa la tatu, mwaka ambao ardhi yetu ilikataa kutulia. Usidhani ni matetemeko ya kuangusha majumba. Yalikuwa madogo madogo, yakija kwa mfululizo siku hadi siku, yakinyamaza, na ukishasema yamekwisha yanarudi. Kuku wananyamaza ghafla, maji kwenye ndoo yanachora duara, vikombe vinaanza, kisha kimya. Mengine yalikuja na mngurumo, kama gunia la mbaazi linaburutwa chini ya sakafu.

Ushauri ndio uliotuchanganya kuliko ardhi yenyewe. Shuleni mwalimu alisema tukimbilie uwanjani. Redio ikasema usikimbie, ingia chini ya meza. Katekista akasema piga magoti. Mimi nilikuwa mtoto mtiifu: siku moja nilikimbia hadi mlangoni, nikarudi chini ya meza, nikapiga magoti, nikajigonga utosi. Nundu ile ndiyo hasara pekee tuliyoipata nyumbani.

Miaka mingi baadaye, sekondari, mwalimu wa jiografia alichukua vipande viwili vikavu vya sabuni ya mche, akavibana ubavu kwa ubavu, akasukuma kimoja huku na kingine kule. Vikagoma, vikagoma, kisha vikachomoka kidogo, vikagoma tena. "Ufa ulio chini yetu ndivyo unavyofanya," akasema. Sabuni niliielewa. Lakini mwaka ule wa darasa la tatu hakuna aliyetuonyesha sabuni, na katikati ya vurugu zile ikaingia posa ya Shangazi Paskalina.

Shangazi alikuwa mdogo wake Baba, akiishi kwetu. Babu alikwisha kufariki, kwa hiyo Baba ndiye aliyekuwa wa kupokea wageni. Walikuja Jumamosi asubuhi kutoka Dareda: mshenga wao mzee, mposaji mwenyewe kimya ndani ya koti, na ndugu zake, pamoja na mablanketi, sukari na kreti la soda. Baba alikuwa amekwisha kuwadokezea kwamba mambo ni mazuri. Kwa Shangazi kilichobaki ni kuitikia tu.

Mimi nilipewa ulinzi wa kabati la vyombo. Mama alikuwa na vikombe vya maua ambavyo havikuijua chai ila wageni wakija, na tangu ardhi ianze visa vyake alikuwa hapati usingizi kwa kuvihofia. "Likicheza tu, likumbatie," akaniagiza. Nikakaa sakafuni, mikono imelizunguka kabati hadi pale ilipofika, ambapo si mbali.

Shangazi akaitwa kutoka jikoni. Akasimama mkekani, macho chini. Mshenga, aliyekuwa amezama kwenye sofa hadi makwapani, akakohoa.

"Binti yetu, wageni hawa unawaona. Hivi walivyokuja navyo, tuvipokee?"

Tiki-tiki-tiki. Au nilidhani. Shangazi aligeuka na kutoka mbio, pazia la mlango likamfuata nusu ya njia.

Waliokaa kwenye masofa hawakuhisi chochote, maana sponji zile zingeweza kumeza hata lori. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema haraka, "Ni tetemeko hilo!"

"Tetemeko gani, Mama Neema?" mshenga akauliza. "Mbona soda yangu imetulia?"

Watu wazima wote wakaitazama ile soda.

Hapo Baba akaanza kutoka jasho. Kama ardhi ilitikisika, basi Shangazi alikimbia kama ambavyo mtu yeyote angekimbia, ataitwa na kuulizwa upya. Kama haikutikisika, amewakataa watu mbele ya macho yao, na neno la Baba limeanguka pale sebuleni. Mshenga akanigeukia.

"Mjukuu, wewe ulikuwa umeshika kabati. Limetikisika?"

"Ndiyo, babu."

"Lenyewe, au umelitikisa wewe?"

Nilifikiri muda mrefu kuliko nilivyowahi kufikiri darasani. "Nilikuwa natetemeka na mimi," nikasema. Ndugu wa mposaji wakacheka. Mposaji hakucheka.

Basi Baba na mshenga wakatoka kutafuta ukweli mtaani, na mimi shahidi nyuma yao. Ng'ambo ya ua wa minyaa alikuwapo jirani yetu Mama Safari, ungo mapajani. Tukasalimiana, Baba akauliza. "Baba Neema," akajibu, "napepeta mahindi tangu asubuhi. Mimi mwenyewe ndiye tetemeko." Kwenye mashine ya kusaga wakatuambia pale panatikisika Jumatatu hadi Jumamosi. Fundi cherehani akauliza kwani tunataka tetemeko la saa ngapi. Mwenye uhakika alikuwa mlevi mmoja tu aliyeshikilia nguzo, akasema linaendelea.

Tuliporudi, mshenga akaanza kuwapa wenzake taarifa: huku wanasema hivi, huku wanasema vile. Hajafika mbali, Shangazi akatoka jikoni bila kuitwa. Akasimama palepale mkekani, punje za mchele zimemnata vidoleni.

"Samahani, wazee wangu," akasema. "Ardhi imetikisika. Na mimi sitaki. Ni mambo mawili."

Mshenga alimtazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu afike. Wageni walikuwa waungwana, wakanywa chai yao hadi mwisho katika vikombe vya maua, wakaagana na kila mtu, wakaondoka na mablanketi yao. Soda walituachia. Nilijua ni soda za huzuni, lakini zilikuwa tamu vilevile.

Kwa miaka niliamini kwamba siku ile ilikuwa na fumbo moja, nalo lilikuwa kabati: kwamba ningejua tu kutofautisha mtikisiko wake na wangu, yote yangenyooka. Hadi nilipoitwa mimi mwenyewe, msichana mzima, nikasimama mbele ya wageni. Vyombo vilikuwa kimya, ardhi imelala fofofo, na bado magoti yangu yalicheza. Nilikubali, na mume wangu akisoma hapa asivimbe kichwa. Lakini kati ya swali na jibu palikuwa parefu ajabu, na nilikuwamo peke yangu. Baba, Mama, mshenga, wote walikuwa nje wakinisubiri nitoke. Ndipo nilipomwona Shangazi vizuri, na ndipo nilipoelewa kwa nini Baba alirudi ndani ameinamisha kichwa jioni ile, baada ya kwenda uani kulalamika kwamba tumehangaika mtaa mzima na ukweli hatukuupata. Mama Safari alimsikiliza hadi akamaliza, kisha akamwambia:

"Baba Neema, mmezunguka Bagara nzima kuuliza kama ardhi imetikisika, na aliyekimbia mmemwacha jikoni anachambua mchele."